Nani Afungue Maji ya Kwamrindi

Sogeeni karibu, na aliye nyuma aseme kama hanisikii. Nina kisa cha ndugu watatu wa tumbo moja, na nawaambia mapema kwamba mwisho wake umenishinda. Nimekisimulia matangani na harusini, na kila mahali watu wameondoka wakibishana. Leo ni zamu yenu.

Katika milima ya Upare palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamrindi. Kilikuwa juu kabisa, kwenye ukungu, na nyuma yake msitu, na ndani ya msitu chemchemi. Maji ya chemchemi yalishuka hadi kwenye ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo walilolijenga wazee. Ndiva ilijaa usiku kucha, asubuhi ikafunguliwa, maji yakashuka kwa mifereji hadi kwenye mashamba ya mahindi, maharage na tangawizi. Nyumba iliyokuwa jirani na ndiva ilikuwa ya Mzee Mrindoko na mkewe, Mama Nakijwa. Hao ndio wazazi wa watoto wetu watatu.

Nanzia, binti wa kwanza, alijaliwa kutochoka kudai. Alipokuwa shuleni wasichana hawakuwa na choo. Alikwenda kwa mwalimu mkuu, akarudi kesho yake, akarudi tena, akamfuata mpaka kanisani, hata choo kikajengwa. Aliamini kwamba jambo la watu wote lina wenye dhamana nalo, na wenye dhamana wasipofanya kazi yao wakumbushwe bila kuchoka.

Senkondo, wa pili, alijaliwa mikono. Hakuweza kuona kitu kimevunjika akakipita. Alitengeneza baiskeli za watu, redio za watu, paa la shule, na mara nyingi mwenye kitu alishtukia tu kimeshapona. Kuomba ruhusa kulimchosha kuliko kazi yenyewe.

Na Mbonea, kitinda mimba, hakuwa fundi wala msemaji. Yeye alijaliwa watu. Alijua nani kajifungua, nani anaumwa, nani hasemi na nani na kwa nini. Ukimtuma dukani unajua chumvi haitafika mapema, kwa sababu kila mlango atasimama.

Basi akaja mtu mmoja na mashine ya kupasua mbao. Alikuwa na kibali, sijui alikipataje. Akaikata ile miti mikubwa iliyoizunguka chemchemi. Vijana wa Kwamrindi walipokwenda kumzuia kwa fimbo, waliolala mahabusu ni wao. Mwaka uliofuata mvua kubwa ilinyesha, na mlima usio na mizizi ya kuushika ukaporomoka. Udongo uliifukia chemchemi, ukaijaza ndiva hadi ukingoni, ukaing'oa barabara ya kupandia kijijini.

Mzee Mrindoko alichukua jembe akaenda kuchimba peke yake, kila siku, kwenye baridi na matope. Kifua kikambana. Walimzika nyuma ya nyumba, karibu na mibuni yake.

Baada ya hapo watu walianza kuondoka, familia moja baada ya nyingine, wakishuka na magodoro vichwani. Nanzia, ambaye sasa alikuwa muuguzi katika mji mdogo wa tambarare, alimchukua mama yake akae naye. Senkondo alikuwa na gereji yake mbali. Mbonea peke yake ndiye aliyebaki juu, na jirani wachache waliokataa kuondoka, wakiteka maji bonde la pili.

Mama Nakijwa alitunzwa vizuri, nisiwadanganye. Nanzia alimpa chumba chenye dirisha, kitanda kizuri, wajukuu wa kumchekesha. Lakini maji ya kule yana chumvi. Alipika makande kutwa nzima na maharage hayakulainika kama ya kwao. Kila asubuhi alitoa kiti nyuma ya nyumba akakaa akiutazama mlima. Wajukuu wakamuuliza, "Bibi, unaangalia nini?"

"Naangalia kama kuna moshi," alisema. "Nikiona moshi, najua bado kuna mtu nyumbani."

Mtu akifungua bomba mle ndani, mama aligeuza kichwa haraka kama aliyeitwa jina, kisha akakumbuka alipo.

Siku moja aliacha kula. Nanzia alimpima, hakuona ugonjwa. Akawaita ndugu zake, wakaja.

"Mama, unaumwa wapi?" Senkondo aliuliza.

"Siumwi. Nimekaa sana kwa watu."

Nanzia aliumia. "Kwa watu? Mama, hapa si kwangu?"

"Ni kwako, mwanangu. Na Mungu akubariki. Lakini si kwangu."

Kisha mama akasema maneno haya, na myasikie vizuri, kwa sababu ndiyo yaliyoleta mzozo. "Mimi sina mali. Nina ule uwanja wa baba yenu kando ya ndiva. Mnajua desturi yetu: mwenye uwanja ule ndiye anayefungua maji, na ndiye anayesema yagawanywe vipi. Ni mkono mmoja tu, tangu zamani. Atakayeyarudisha maji nikarudi kuishi kwangu, uwanja ni wake, na kufungua maji ni kwake."

Nanzia ndiye aliyeanza. Aliomba likizo akaenda wilayani. Watu wa misitu walimpeleka kwa watu wa maji, watu wa maji wakamrudisha kwa watu wa ardhi. Alikaa kwenye mabenchi mpaka wafagizi wakamjua kwa jina. Ofisa mmoja akamwambia kwa upole, "Dada yangu, kijiji chenyewe hakina watu. Serikali impelekee nani maji?"

"Watu wameondoka kwa sababu hakuna maji," Nanzia alijibu. "Mnawangoja warudi wanywe nini? Baba yangu alilipa kodi maisha yake yote, na hakuwahi kuja hapa kuomba kitu. Leo nimekuja kwa niaba yake."

Alirudi, akarudi tena. Likizo ikaisha, akaachishwa kazi, akaendelea kwenda. Mwishowe kibali cha yule mpasua mbao kilifutwa, naye akaondolewa msituni na askari wale wale waliowahi kumlinda. Msitu ukawekwa chini ya sheria asiguse mtu. Akatumwa mhandisi, na baada yake mabomba na saruji.

Lakini malori yaliishia chini ya mlima, maana barabara haikuwapo. Mabomba yakashushwa porini, na jibu likaja: subirini, barabara itaingia katika mpango wa mwaka ujao. Na mvua zilikuwa njiani. Saruji ikilowa imekuwa jiwe.

Hapo ndipo Senkondo alipofunga gereji yake. Aling'oa injini ya lori lake mwenyewe, lile lililokuwa likimlisha, akaikokota mpaka juu ya genge kipande kwa kipande, akaifungia kamba ya chuma. Akawa anapandisha mabomba na saruji angani, juu ya miamba, mahali ambapo hata mbuzi hupita kwa hofu.

Ofisa mmoja alipanda kwa miguu kuja kumzuia. "Nani kakupa idhini ya kugusa mali ya serikali?"

"Hakuna," Senkondo alisema, bila kuacha kazi. "Ukitaka niache, shika hilo bomba ulipandishe wewe."

Ofisa akalitazama bomba, akautazama mlima, akakaa chini kupumzika.

Siku moja kamba ilikatika, ikamchapa Senkondo mkononi, vidole vikaenda. Nanzia alimfunga jeraha huku analia. Alipopata nafuu kidogo alirudi kwenye injini yake, mkono ukiwa ndani ya kitambaa. Saruji ya mwisho ilifika juu mvua ya kwanza ikianza kudondoka.

Sasa vifaa vipo juu. Lakini chemchemi bado iko chini ya kilima kizima cha udongo, na ndiva imejaa tope lililokauka. Hakuna mashine iwezayo kupanda kule. Senkondo aliajiri vibarua. Walipouona mlima wa udongo walichimba kidogo, wakashuka, hawakurudi.

Mbonea akachukua fimbo yake akashuka kuwatafuta watu wa Kwamrindi. Aliwakuta kwenye mashamba ya mkonge, kwenye masoko, kwenye vyumba vya kupanga. Hakuwahubiria. Alisalimu, akala kilichokuwapo, akauliza habari za watoto kwa majina yao. Alipoaga ndipo alipowaambia, "Kaburi la mama yako nimelifyeka. Mwarobaini wenu bado umesimama. Tunaanza kuchimba Jumatatu."

Wengine walimwambia wamekwisha kuzoea huko waliko. Mwanamke mmoja alimfukuza kwa maneno makali, kisha akamkimbilia barabarani na kumuuliza kama mlango wa nyumba yake bado upo.

Wakaja. Siku ya Jumatatu baragumu ililia Kwamrindi kwa mara ya kwanza tangu yale maporomoko, na watu wakapanda mlima na majembe, karai na watoto mgongoni. Ulikuwa msaragambo wa kweli, ile kazi ya wote ambayo haina kibarua wala bosi. Waliogombana zamani walishika karai moja, huyu upande huu, yule upande ule. Walichimba wiki baada ya wiki. Alasiri moja mzee mmoja akainua jembe akaona ncha imelowa. Hakupiga kelele. Aliita tu, "Mbonea, hebu njoo uangalie." Maji yalitoka mekundu, yakawa ya kahawia, halafu yakawa meupe. Mabomba yakayashusha hadi kwenye ndiva, iliyokwisha kuzolewa tope.

Mama Nakijwa alipandishwa kwa kiti, akibebwa na vijana kwa zamu. Alipofika kwenye ndiva aliomba ashushwe, akatumbukiza mkono majini hadi kwenye kiwiko, akauacha humo muda mrefu. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, kwa mumewe, na huko akakaa peke yake.

Laiti ningeishia hapo.

Wakati wa kukabidhi uwanja ulipofika, Nanzia alisema, "Mama, ukinipa mimi, maji haya nitayaweka mikononi mwa serikali. Kila nyumba ipate sawa, mwenye shamba kubwa na mjane asiye na kitu. Na sheria iyalinde. Bila sheria yule wa mbao angekuwa bado yuko msituni."

Senkondo akacheka bila furaha. "Serikali iliyoshindwa kupandisha bomba, itaweza kulitengeneza likipasuka? Tutasubiri tena mpango wa mwaka ujao, mahindi yakauke. Nipe mimi. Anayelima zaidi achangie zaidi na apate zaidi, na nitayatunza kwa mikono yangu, na vidole hivi vilivyobaki."

"Na wewe ungepandisha bomba lipi, kaka, kama mimi sikukaa kwenye yale mabenchi?"

"Yangeoza porini, dada, na wewe ungekuwa bado umekaa kwenye benchi."

Mbonea aliwaacha wakamaliza. "Waliochimba ni watu," alisema. "Mimi nikipewa, sitampa ofisa, wala sitajipa mimi. Waliochimba wakae, kila msimu wakubaliane wenyewe."

"Na wakigombana?" Nanzia akauliza. "Nani atamtetea mnyonge kwenye kikao hicho?"

"Na kikao chenyewe kitaisha lini?" Senkondo akadakia. "Tangawizi itakuwa imeota majani mengine."

Mama aliwaomba washike wote watatu. Walijaribu. Asubuhi ya kwanza Nanzia alitaka mifereji yote ifunguliwe sawa. Senkondo akasema ule wa chini umebomoka na wenyewe hawajaugusa, usipewe maji mpaka wauzibe. Mbonea akasema ngojeni niwaite watu. Jua likapanda, na ndiva ikafurika ikamwaga maji bondeni bila kumfaa mtu. Tangu siku ile Senkondo hakula tena chakula cha nyumba moja na dada yake. Nanzia alifunga begi lake. Mbonea alikwenda huku na huku kati yao bila kuwapatanisha.

"Kule tambarare nilililia maji," Mama Nakijwa aliwaambia. "Sasa nina maji, nawalilia ninyi."

Kiangazi kikaingia. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, na mahindi yakifika hapo hayajui kungoja. Watu walianza kuulizana kwa sauti ya chini kama walirudi bure, na wengine wakayatazama magodoro yao.

Mama akasema kesho ataamua. Ilipokucha alitembea mwenyewe, polepole, mpaka kwenye ukuta wa ndiva. Maji yalikuwa yamejaa hadi juu, yametulia. Chini, kando ya mifereji, watu wa Kwamrindi walisimama na majembe. Na mbele yake walisimama watoto wake: aliyepoteza kazi mabenchini, aliyepoteza vidole kwenye genge, na aliyezunguka nchi nzima akiwakusanya waliotawanyika. Ukimwondoa mmoja, maji hayapo. Ukimchagua mmoja, umechagua pia namna watu wale watakavyoishi, wao na wajukuu wao.

Basi, ninyi mnaonisikiliza, jiwekeni pale alipo Mama Nakijwa. Uwanja ni mmoja, na mkono wa kufungua maji ni mmoja. Ungempa nani? Na ukishamtaja, niambie utawaambia nini wale wawili wengine, maana wote watatu wanautazama uso wa mama yao.