Bi Somoe na Wanaosema Haiumi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kuku wakiwa bado na adabu, kijiji kimoja kilikuwa na bibi mzee, Bi Somoe. Kazi yake kuumika. Anachanja kidogo kwa wembe, anabandika pembe, anafyonza damu mbovu. Fyoo! Umepona.

Sasa Chausiku, binti wa Makame, akavimba mguu. Ukavimba, ukavimba, ukawa kama mtungi. Homa ikapanda. Bi Somoe akasema, "Damu hii isipotoka leo, mtoto tunampoteza."

Mama mtu akambembeleza, "Haiumi, mwanangu." Chausiku akauona wembe. Puruu! Chini ya kitanda.

Shangazi akasema, "Haiumi." Puruu! Ndani ya tenga la kuku.

Baba akanguruma, "Haiumi hata kidogo!" Puruu! Juu ya paa, na mguu wake mtungi!

Bi Somoe akapandwa na hasira. "Nani kasema hata kidogo?"

"Mimi," akasema Makame, kifua mbele. Makame huyo alikuwa akiangusha fahali kwa mkono mmoja.

"Vizuri. Kaa hapa."

"Lakini mimi siumwi, bibi!"

"Wala haiumi. Kaa."

Wembe, chwa! Pembe, fyoo! Lahaula! Makame alipiga yowe mbuzi wakakata kamba. Puruu! Juu ya paa, pembe mgongoni, akajificha nyuma ya binti yake.

"Baba, kumbe inauma?"

"Inauma, mwanangu. Nilikudanganya." Akalia kwikwi.

Bi Somoe akaita kutoka chini, "Inauma, mjukuu wangu, kama mwiba. Halafu inaisha. Utakaa mapajani kwa mama, utapuliza kwa nguvu. Ukisema ngoja, nangoja."

"Kweli?"

"Kweli."

Chausiku akashuka, akapakatwa. "Ngoja!" Bi Somoe akangoja. "Ngoja!" Kijiji kizima kikangoja, hata jogoo akameza kokoriko yake.

"Haya." Akapuliza, fuuu! Kanga ya shangazi ikapeperuka hadi kisimani. Chwa! Akalia kidogo. Fyoo! Damu mbovu ikatoka, na jioni homa ikashuka.

Chausiku akatazama juu. "Baba, shuka utolewe pembe."

"Kuitoa kunauma?"

Mama akafungua kinywa, "Haiu..." Bi Somoe akamtazama. Mama akakifunga.

"Kunauma kidogo, baba," akasema Chausiku. "Lakini ukisema ngoja, tunangoja."

Basi Makame akasema ngoja. Wanangoja mpaka leo.

Kwa hiyo, wazazi, mtoto mwambieni kweli, kisha mpakateni. Hadithi yangu imekaa hapo. Anayesema ni uongo asogee, pembe ninayo.