Faini ya Ndiva

"Elfu hamsini nimelipa, mama mwenyekiti! Elfu hamsini nzima, faini ya msimu! Sasa maji yangu yako wapi?"

Ndivyo alivyofoka mkulima mmoja wa tangawizi huko milimani, kasimama asubuhi uani kwa mwenyekiti wa kamati ya maji, hata hodi hajapiga. Na kweli alikuwa amelipa. Kijiji chao kina bwawa la mawe na udongo, wenyewe huliita ndiva, linalokusanya maji ya kijito ili kila shamba linyweshwe kwa zamu. Kila wiki huitishwa msaragambo: watu wote hutoka kuzoa tope na kuziba nyufa. Asiyetokea hutozwa faini. Mkulima wetu akaona, ya nini nijichafue? Akalipa ya msimu mzima kwa mkupuo. Majirani wakamwona mjanja, nao wakalipa.

Wapendwa, mvua ya siku hizi mnaijua. Zamani ilikuja kidogo kidogo, kama mgeni mstaarabu. Sasa inapotea miezi, kisha inashuka yote mchana mmoja, na kama huna pa kuiweka, imekupita. Basi ikashuka. Ikakuta ndiva imejaa tope. Ikapita.

"Si mngeweka vibarua kwa hizo faini?" mkulima akauliza.

"Vibarua gani, baba? Vibarua wa kijiji hiki ni nyie, na nyie wote mmelipa!" Mama mwenyekiti akaingia ndani, akatoka na sanduku la faini, akalibwaga miguuni pake. "Hela zako hizo. Kamwagilie."

Mkulima akavimba. Alitaka kutukana, lakini kuna jambo lilimkereketa: jana jioni aliuona mfereji wa bibi mmoja mjane ukitiririka. Hivi yule maji kayatoa wapi? Hasira ikashuka, udadisi ukapanda. Akakwea kwenda kuona.

Akaizunguka ndiva. Tope, tope, tope. Kufika pembe ya juu, akasita. Maji! Maangavu, ya kufika kiunoni, yamezungushiwa ukingo mpya wa mawe. Na pale ukingoni yule bibi na wenzake wawili wanazoa tope huku wakitaniana.

"Bibi, tangawizi yangu inakufa."

"Tumeiona. Koleo lile pale."

Akaliokota, lakini swali likamtoka kwanza. "Ninyi mlijuaje? Nani aliwaambia mvua itakuja hivi?"

"Hakuna."

"Basi mna imani kubwa."

Bibi akacheka mpaka akaegemea ukingo. "Imani? Baba, sisi hela ya faini hatukuwa nayo! Ningekuwa nayo ningelipa kama wewe, na leo kijiji kizima tungekuwa tunatazama tope."

Mnacheka? Chekeni, kisha mnijibu. Sisi tumelipa faini ngapi? Tunavaa fulana ya siku ya mazingira, tunaimwagia mchuzi wa pilau, tunarudi kulala. Mkubwa akipanda mti mbele ya kamera tunapiga makofi. Nani kati yetu alirudi kuumwagilia? Ndiyo, wenye viwanda vikubwa huko mbali wamechafua hewa kutuzidi, na wanadaiwa. Hilo nitalisema mbele ya yeyote. Lakini mvua ikishuka, itawangoja wamalize kulipa?

Tena angalieni tumaini lilikotokea. Lilitoka kwa watu watatu wasioweza kununua ruhusa ya kukaa nyumbani. Walipata pembe moja tu ya ndiva, ndugu zangu, wala sitawadanganya kwamba walipata zaidi. Lakini pembe ile ina maji. Je, wangekuwa thelathini?

Alhamisi tunazibua chemchemi iliyo nyuma ya nyumba hii ya ibada. Bahasha sipokei, wala udhuru wa safari ya ghafla. Kila aliyeketi hapa anadaiwa asubuhi moja ya kazi, nami nikiwemo. Ileteni.