Malimau Matatu ya Bi Mwanamisi

Mhurumia chipukizi hula limau. Methali hii ilianza hivi, na kwa kuwa ninyi ndio mlioniuliza, kaeni mnisikilize, msinikatize kila nikivuta pumzi. Mmemsikia mama yenu akimwambia dada yenu maneno hayo asubuhi, mkadhani anamfundisha bustani. Mama yenu hajui bustani.

Kule Muheza, katika kijiji cha Kwemisasa, palikuwa na mtu aitwaye Mhina, fundi wa kubebesha michungwa. Kubebesha ni hivi. Unaotesha mbegu ya limau, kwa sababu mizizi ya mlimau ni migumu, haichagui udongo. Mche ukifikia unene wa penseli, unalipasua ganda lake kidogo na kupachika jicho la mchungwa, kisha unafunga. Jicho likishika unakikata kichwa cha mlimau, na kinachoota juu ni mchungwa mtupu. Chini limau, juu chungwa. Mkono wa Mhina ulikuwa mwepesi kwa kazi hiyo. Watu walisema hata fimbo ya kutembelea angeibebesha ikazaa.

Mhina alimwoa Mwanamisi. Mwaka wao wa pili zikaja habari za dhahabu ya Chunya, nchi ya mbali, safari ya siku nyingi kwa lori. Naye akataka kwenda. Kabla hajaondoka alibebesha mche mmoja, akaupanda ndani ya debe lililotobolewa chini, akaliweka debe kando ya mlango wa jiko.

"Nitunzie huu," akamwambia mkewe. "Mwaka wa tatu, wa nne, utazaa. Chungwa la kwanza tutalila wawili, hapa hapa kizingitini."

"Na kama hujarudi?"

"Mimi? Nitalinusa huko huko nije mbio."

Akaondoka. Lakini kuna jambo hakumwambia, si kwa ubaya, ila kwa fundi lilikuwa jambo dogo mno la kuambiana. Mlimau uliokatwa kichwa haukubali kufa. Kila siku unasukuma machipukizi chini ya kovu, pale jicho lilipopachikwa, na kazi ya mwenye mti ni kuyavunja yangali laini.

Mwanamisi aliutunza mti ule kama mtu anayetunza mgonjwa wake. Aliumwagilia maji ya kuoshea mchele. Aliutilia samadi ya mbuzi, akaupaka majivu ulipoingiwa na wadudu, na jua lilipohama alilisukuma debe kwa goti lifuate mwanga. Hata hivyo mchungwa ulikua shubiri moja ukasimama. Mwaka ukapita umesimama vile vile, na barua kutoka Chunya nazo zikaja na neno lile lile: namaliza shimo hili moja tu.

Masika ya pili, chini ya kovu likachomoza chipukizi. Ndani ya miezi michache lilikuwa nene kama kidole gumba, lina majani mapana na miiba, likaupita mchungwa, likafika dirishani. Mwanamisi alifurahi akawaita majirani waje waone.

Aliyekuja kwanza ni Shekidele, mdogo wake Mhina, ambaye naye alikuwa fundi. Alikuja na kisu chake cha kazi.

"Shemeji, huyo unayemnywesha si mtoto wako. Hilo ni limau. Sogea nilikate."

"Kisu chako kakatie hizo ndevu, unatisha watoto."

"Shemeji, sina utani leo. Linanyonya maji yote. Mchungwa wenyewe ule pale, umekonda kama mimi kabla ya kuoa."

"Hata sasa umekonda."

"Basi nusa jani lake, kama huniamini."

Mwanamisi hakulinusa. Alisimama kati ya kisu na debe, akasema taratibu, "Shekidele, tangu kaka yako aondoke, hakuna kitu katika nyumba hii kilichosogea ila hili. Nikilikata nitabaki naangalia nini?"

Shekidele akakirudisha kisu alani. Alirudi mara ya pili, mara ya tatu, kisha akachoka. Mwaka wa tatu kitawi cha mchungwa kikajikunja, kikakauka. Lile chipukizi likawa ndilo mti.

Mwaka wa nne mti ukatoa maua. Mwanamisi akamwandikia mumewe barua: maua yametoka, njoo. Jibu likaja baada ya miezi miwili: "Mke wangu, nimefurahi sana. Namaliza shimo hili moja tu, kisha nakuja." Maua yakapukutika, yakabaki matunda matatu. Yakakua, yakaanza kugeuka manjano. Mhina hakuja.

Hapo ndipo nilipopita mimi. Nilikuwa kijana, shule nimeiacha katika miji mitatu, nami nikielekea Chunya kama wajinga wengine. Niliomba maji pale kwa Mwanamisi. Aliposikia ninakokwenda, aliingia ndani, akatoka na kipande cha kanga, akayachuma matunda yote matatu, akayafunga humo.

"Mpe mkononi mwake," akasema. "Yeye hakuja kwenye chungwa, basi chungwa limwendee. Akilila atakumbuka njia."

"Wewe hutabakiza hata moja?"

"Tuliahidiana tutalila wawili. Nikionja peke yangu nitakuwa nimemkatia tamaa."

Nikayabeba. Siku tisa, malori manne, na njaa ya njiani, wala sikuyagusa. Nilikuwa mtu wa kugusa vitu siku zile, lakini nilikuwa nimeuona uso wake.

Mhina nilimkuta mdomoni mwa shimo, amepakaa udongo mwekundu mpaka kwenye kope. Nilipomtajia Kwemisasa alikaa chini. Akafungua kanga, akainusa kwanza kanga yenyewe, kwa muda mrefu. Kisha akalishika tunda la kwanza, akapitisha kidole kwenye ganda lake lenye vinundu. Fundi yule alijua hapo hapo, kabla ya kumenya. Lakini alimenya. Akala kipande, akala cha pili, machozi yanamtoka, akalimaliza lote na mbegu zake.

"Chipukizi halikukatwa," akasema.

"Ndugu yako alikuja na kisu mara tatu. Mkeo alikataa."

"Kwa nini?"

Nikamwambia maneno ya mkewe kama nilivyosimuliwa kijijini: kwamba tangu aondoke hakuna kingine kilichosogea.

Kutoka chini ya shimo mwenzake akaita, "We Mhina! Zamu yako! Leo mwamba unaelekea kuzuri!"

"Naja!" akajibu. Akanigeukia. "Utakaporudi mwambie, shimo hili moja tu..."

Akalitazama shimo. Nyuma yake yalikuwapo mengine, nilihesabu saba, na kila moja alikwisha kuliandikia barua kwamba ni la mwisho.

"Mimi ndiye fundi," akasema polepole. "Yeye alihurumia chipukizi moja kwa kutojua. Mimi ninayejua nimehurumia saba."

Mwenzake akaita tena. Mhina akamjibu kwa sauti ambayo mashimo yote ya jirani yaliisikia: "Zamu yangu chukua wewe! Mhurumia chipukizi hula limau!"

Wachimbaji walicheka, walidhani jua limempiga. Lakini yeye alikuwa amekwisha kufunga kanga kiunoni, na malimau mawili yaliyobaki ndani yake. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Mkononi hakuwa na kitu. Alinishika bega akaniambia, "Twende, kijana. Kwenu hakuna mtu?"

Kwetu alikuwapo mtu. Nikamwambia nitamfuata baada ya mwezi mmoja, nipate nauli na zawadi kidogo.

Tangu siku hiyo, Chunya nzima, mtu akisema "mwezi mmoja tu," wenzake walimjibu kwa maneno ya Mhina. Walioyasikia kwa moyo wakarudi makwao, wakayapeleka Songea, Tabora, mpaka yakawafikia mama yenu na ninyi.

Mimi niliyasikia kila siku kwa miaka kumi na mmoja.

Nilipopita tena Kwemisasa, mvi zilikuwa zimeanza. Mhina na Mwanamisi walikuwa wamekaa kizingitini. Aliporudi, Mhina aliukata ule mlimau mpaka kisiki, akabebesha jicho jipya, na kila asubuhi Mwanamisi huinama na kuvunja kwa kucha kila kinachochomoza chini ya kovu. Iliwabidi kusubiri miaka mitatu mingine, ila waliisubiri pamoja. Wakanipa chungwa. Tamu kweli.

"Na wewe, shemeji, ulirudi kwenu lini?" Mwanamisi akaniuliza.

Nilimwambia ndiko ninakokwenda. Akanimenyea la pili, akanifungia la tatu nimpelekee yule niliyemwacha kwetu. Nilifika. Mlango ulifunguliwa na watu nisiowajua, wakanionyesha upande wa makaburi kwa kidole. Chungwa lile sikulila. Nililiweka pale, nikaondoka, na sijakaa mahali mwaka mzima tangu hapo.

Kwa hiyo dada yenu akisema atampa yule kijana anayemwahidi ndoa mwezi mmoja tena, msicheke. Mama yenu anasema kweli. Mhurumia chipukizi hula limau.