Ngoma ya Kichuguuni

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya usingizi? Paukwa!

Pakawa!!

Haya. Hapo kale, kale ya babu wa babu zenu, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na Bibi Nakombo. Mgongo umepinda, ulimi umenyooka.

Watu wa huko walipenda kumbikumbi kuliko nyama. Kumbikumbi hutoka mvua ikinyesha, lakini wao hawakuwa na subira ya kungoja. Walikaa kichuguuni na kigoma, wakapiga kwa vijiti, ti-ti-ti-ti, kama matone. Huko chini mchwa husema, "Mvua hiyo!" Wakatoka, fururu! Wakaokotwa, wakakaangwa.

Mwaka mmoja mvua ikachelewa. Jumbe Shekulwa akapiga kigoma chake kichuguuni. Kumbikumbi fururu! Mbingu kavu kama gae. Jumbe kichwa kikamvimba.

"Mmeona? Nimeita, wametoka! Kesho naiita mvua yenyewe. Wekeni majembe chini, kila mtu na kijiti chake. Asiyepiga, shamba lake nalichukua."

Kesho yake wote wakaenda kichuguuni. Bibi Nakombo peke yake akaenda shambani kwake. Chaka! Chaka! Anafukia mbegu kwenye vumbi.

Jumbe akamfuata. "Wee bibi, huna masikio?"

"Ninayo, mwanangu. Ndiyo maana nimezikimbia kelele zenu."

"Njoo upige!"

"Nimpigie nani? Mchwa unamdanganya, yuko gizani. Na Mungu utamdanganya kwa kijiti?"

"Isiponyesha je?"

Hapo bibi akaegemea jembe. Shamba lile ndilo lililomlisha yeye na wajukuu wake wanne, na jingine hana. Kisha akasema, "Isiponyesha, Mungu ni yule yule. Kulima ni kwangu, kuomba ni kwangu. Mvua ina mwenyewe."

"Siku saba, basi. Ya nane, shamba ni langu."

Siku ya kwanza, kichuguuni ti-ti-ti! Shambani chaka! Siku ya pili, ti-ti-ti! Chaka! Ya tatu, ya nne, ya tano, ti-ti-ti, mpaka mbuzi wakahama. Ya sita vidole vikavimba. Ya saba watu wakalala chali, hoi, vijiti vimewadondoka.

Siku ya nane, jua la utosi, Jumbe akaja na vigingi vyake. Bibi akasimama mpakani, anaomba kimoyomoyo. Jumbe akainama, akapigilia cha kwanza, ko! Akainua cha pili.

Tone. Puani kwake.

Tone jingine. Kisha shaaa! Mvua!

Watu wakaja mbio, wanapiga vigelegele. Jumbe akaruka. "Mmeona! Ngoma yangu imefika mbinguni!"

"Kumbe ni wewe uliyeileta?" akauliza bibi.

"Mimi, nani mwingine?"

"Ahsante, mwanangu. Basi isimamishe kidogo, nikaanue unga wangu."

Watu wakamgeukia Jumbe. Jumbe akakimbilia kigoma. Pwa! Ngozi imelowa. Pwa! Mvua ikazidi. Pwa! Ikazidi tena, mpaka kilemba kikamshukia machoni.

Bibi akaangua kicheko. Wakacheka wote. Mwisho Jumbe naye akacheka, maji yanamtiririka ndevuni, akang'oa kigingi chake mwenyewe.

"Bibi, nimekoma."

"Kwangu mimi usikome, koma kwa Mungu. Shika jembe! Mvua haikungojei kwa kuwa wewe ni jumbe."

Wakalima, wakapanda, wakaimba, matope mpaka magotini. Kumbikumbi nao wakatoka bila kuitwa, wengi kama makapi ya pepeto. Nani wa kuwaokota? Kila mkono una jembe. Siku ile walioshiba kumbikumbi ni kuku.

Basi wanangu, ulimwengu una Mwenyewe. Wewe fanya lako, umwombe, umwachie lake. Na anayejidai ameileta mvua, mwambieni aizuie.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye jembe na aende.