Kiboko Ajifunza Rubi kwa Asubuhi Moja

Nikisema paukwa?

Pakawa!

Pakawa na mkubwa asiyeshiba?

Mfiche sufuria!

Na mdogo mwenye adabu zake?

Mwogope huyo!

Basi kaeni vizuri. Na wewe hapo nyuma acha kutafuna, utanitia njaa.

Hapo kale, si kale sana maana kompyuta zilishakuwepo, wanyama wa Majabali walihifadhi viazi vyao katika vyungu saba vya mawe vilivyopangwa mstari mmoja. Mwaka huo viazi vyote viliingia chungu cha kwanza, vile sita vikabaki vitupu. Vifuniko vyake hata tembo hakuviweza. Vilifunguliwa na kompyuta moja nyekundu iliyoelewa lugha moja tu, lugha ya Rubi, na wanyama wakaiita Rubi hivyo hivyo. Sheria ilikuwa hii: siku ya mgao mnyama mmoja huandika programu mara moja, na kilichoandikwa hakifutwi mpaka mavuno mengine.

Mwandishi wao alikuwa Bi Pimbi. Mdogo, hana mkia, ana watoto wanne.

Asubuhi ya mgao Bi Pimbi anafuta vumbi kwenye kompyuta, mara akasikia tii! tii! tii! Kiboko huyo mlangoni.

"Wee pimbi! Leo naandika mimi. Nifundishe Rubi kabla jua halijafika utosini. Viazi vyote vyangu. Ukikataa nakukanyaga, chwaa!"

Bi Pimbi aliogopa, tena sana. Aliwaza watoto wake wanne na kiangazi kinachokuja. Lakini akasema, "Karibu mzee. Uliza tu, kuuliza si ujinga."

Kiboko akabonyeza kwa ukucha, kwacha! Akaandika: viazi. Kimya.

"Mbona kidude hakisemi? Kimekufa?"

"Hakijafa, mzee. Rubi anajua, ila hasemi mpaka uandike puts, yaani toa nje tuone. Na ukishaandika, ndipo—"

Kiboko akapiga mguu chini, tii! "Najua, najua! Sasa nitakitajaje chungu ninachokitaka?"

"Kwa namba yake, mzee. Ila Rubi hahesabu kama sisi. Yeye anaanza na sifuri, kwa hiyo kile cha kwan—"

Mguu chini, tii! "Najua, najua! Sifuri ni ya mafukara! Mimi ni namba moja tangu nizaliwe, utanifundisha wewe kuhesabu?"

Hapo Bi Pimbi alitaka kumsahihisha. Wallahi alitaka! Ulimi ulishainuka. Kisha akautazama mguu ule, akawaza watoto, akaurudisha ulimi mahali pake. Moyo ukaanza kumcheza kwa furaha, ile furaha mbaya ya kumwona mwenzio anakwenda shimoni kwa miguu yake mwenyewe.

"Na nikitaka kinilishe tena na tena?"

Safari hii Bi Pimbi alijibu polepole, kama anayemenya yai. "Unaandika rudia... mpaka... jambo fulani... litimie. Lakini, mzee wangu, lisipotimia kamwe, Rubi naye hata—"

Mguu chini, tii! "Najua, najua! Toka kitini!"

Bi Pimbi akatoka kitini.

Jua likafika utosini. Wanyama wakakusanyika, midomo mikavu. Kiboko akaandika programu yake, kwacha kwacha kwacha, akaisoma kwa sauti wote wasikie:

"Chungu namba moja ni cha Kiboko! Namba sifuri, ha ha ha, ni cha pimbi! Nilishe, rudia mpaka nishibe!"

Ngiri akaangua kilio. "Jamani, tumekwisha!"

Bi Pimbi akamnong'oneza, "Nyamaza ndugu yangu, kalete kikapu."

Kompyuta ikanguruma, krrr-krrr-krrr. Kiboko akasimama mbele ya chungu cha kwanza, akapanua kinywa, aaaah! Kikafunguka chungu cha pili. Rubi akachungulia ndani, akatangaza: "Nil."

"Nil ndiyo nini?"

"Ni jina la hakuna kitu, mzee. Kwa Rubi hata hakuna kitu ni kitu, nacho ni chako."

Halafu kikafunguka chungu cha kwanza, ndiyo hiyo namba sifuri. Viazi vikamiminika, poromo-poromo-poromo, hadi miguuni pa Bi Pimbi! Vigelegele! Bi Pimbi akawagawia wote, kima akacheza na kiazi kila mkono na kimoja mkiani. Ngiri alikuwa bado analia, lakini sasa anatafuna.

"Kisimamishe!" Kiboko akafoka.

"Umeshashiba, mzee?"

"Sijashiba!"

"Basi kitaendelea."

Aaaah! Nil. Aaaah! Nil. Aaaah! Nil.

Mpaka leo, pita mtoni utamwona Kiboko amepanua kinywa. Wasiojua husema anapiga miayo. Miayo wapi! Anasubiri chakula.

Na funzo, wanangu, lishikeni sana: ukimuuliza mtu swali, usingoje amalize kujibu. Majibu ni marefu, na viazi vinapoa.

Ngano nimeitua hapo. Mwenye kiazi ale, mwenye nil apanue kinywa.