Ngiri, Mwalimu wa Kupanda Miti

Nianze?
Anza!
Nikiongopa?
Ongopa vizuri!

Haya, kaeni. Na anayetafuna karanga atafune polepole, mimi sishindani na meno ya mtu.

Zamani, katika msitu mmoja, alikuwapo Kindi, bingwa wa kurina asali. Kazi hiyo aliijua tangu mdogo, kwa kumtazama mama yake. Lakini msitu ule ulikuwa na desturi zake. Ukienda kuomba kazi, hakuna anayekuuliza unajua nini. Unaulizwa wewe ni mtu wa nani. Ukisema wewe si mtu wa mtu, unaambiwa njoo kesho. Kindi aliambiwa njoo kesho mpaka akazichoka hizo kesho.

Basi akaenda kwa Ngiri. Ngiri alikuwa na nguvu, alikuwa na meno yaliyochomoza nje ya mdomo, na alikuwa mwalimu wa kila mtu. Mwewe, alisema, asingejua kuruka bila yeye. Twiga alirefuka kwa ushauri wake. Hata samaki, eti kuogelea wamejifunza kwake, na yeye maji ya kuoga tu anayakimbia. Wote walimpelekea chakula, maana jina lake ndilo lililowapa kazi.

Ngiri akampokea Kindi. Akamwambia kwamba siku akihitimu, atamfunga mwalimu wake kilemba mbele za watu, kama wanavyofanya mafundi wote, na kuanzia hapo asali itakuwa yake mwenyewe. Kabla ya hapo, asali ni ya mwalimu.

Kazi ikaanza. Kindi akapanda, paru paru paru. Kindi akarina. Kindi akashuka. Ngiri akala. Mti wa pili, Kindi akapanda, paru paru paru. Kindi akarina. Kindi akashuka. Ngiri akala. Muda wote huo Ngiri amekaa chini, mkia juu, anafundisha: shika tawi kwa imani, mwanangu, usitazame chini. Ngiri huyo huyo ambaye tangu azaliwe hajapanda hata kichuguu. Akishiba, anampa Kindi nta, na kumwambia kwamba nta inajenga tabia.

Ukapita mwaka, ukapita wa pili, ukapita wa tatu. Kindi akiuliza habari za kilemba, anaambiwa bado kidogo, hajaiva. Na kiangazi kilikuwa kinakuja. Nyumbani watoto watano wanatafuna nta. Yule mdogo kabisa alikuwa amekonda, hawezi tena kupanda mpaka kwenye kiota, anabebwa. Mkewe akamwambia, baba watoto, kiangazi hiki tutazika mtu. Kindi alilia siku ile, alilia kweli, si mchezo. Alipomaliza kulia akaenda kwa Malkia wa Nyuki.

Malkia alikuwa na hasira zake, kwa sababu mizinga yake ilikuwa ikikombwa mpaka tone la mwisho. Kindi akamweleza kuwa hiyo ni amri ya Ngiri. Akamwahidi kwamba yeye akiwa huru atachukua nusu tu, na nusu atawaachia nyuki na watoto wao. Ila kwanza Malkia amsaidie jambo moja: aje kwenye sherehe na jeshi lake, aulize swali moja. Malkia akakubali.

Kindi akarudi kwa Ngiri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akamwambia anataka kumfanyia sherehe. Si ya kuhitimu, la, hilo hata kulifikiria hathubutu, ni ya kumshukuru tu. Ngiri aliuliza jambo moja, kama watu watakuwa wengi.

Walikuwa wengi. Alikuja Twiga, akaja Mwewe, wakaja hata wasioalikwa. Kindi akasimama, akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye hajui kitu, na kila mzinga aliowahi kurina ni kazi ya Mwalimu. Ngiri naye akasimama, akasema ni kweli tupu, hakuna tone la asali msitu mzima lisilotoka kwake.

Mara, vuuuuu! Nyuki hao, wametanda kama moshi. Malkia akatua mbele ya Ngiri, akauliza taratibu:

"Nani anayerina mizinga yetu?"

Ngiri akisema ni yeye, ataumwa. Akisema ni Kindi, basi Kindi ni fundi kamili, na kilemba lazima Mwalimu afungwe, na asali ndiyo kwaheri. Na watu wote macho kwake. Lakini kupenda sifa ni maradhi.

"Ni mimi," akasema. "Kindi ni mwanafunzi tu."

Tii! Nyuki wa kwanza huyo, shavuni.

"Ni mimi, lakini kwa ushauri."

Tii! Tii!

"Ni mimi, ila zamani kidogo."

Tii tii tii tii!

"Ni Kindi! Anapanda mwenyewe, anarina mwenyewe, mimi mti nauona kwa macho tu, sijamfundisha kitu!"

Nyuki wakamwachia. Kindi akatoa kitambaa alichokuwa amekiandaa, akamfunga Mwalimu kilemba, vizuri, kwa adabu zote, juu ya uso uliovimba, akamshukuru kwa kumhitimisha. Watu wote waliona. Kiangazi kile watoto walikula asali, na yule mdogo akapanda mpaka kiotani kwa miguu yake mwenyewe.

Na Ngiri? Uvimbe haukuisha, mtazameni hata leo, uso mzima vinundu. Siku ya pili yake akawaita watu, akawaonyesha, akasema hayo ndiyo majeraha ya ualimu, kila kinundu ni mwanafunzi aliyemtoa kimaisha. Na habari ya Kindi, alisema, ile ilikuwa somo la mwisho, somo la kujitegemea, alilitayarisha miaka mitatu. Watu wakatokwa na machozi. Wiki ile ile foleni ya wanafunzi ilianzia mlangoni kwake ikaishia mtoni.

Ngano imefika kwao, na mimi koo limekauka. Funzo lake, wanangu, ni kwamba mpendeni sana mwalimu wenu, hasa asiyejua kitu, maana bila yeye Kindi angepata wapi akili ile? Na ngano hii mmefundishwa na mimi. Atakayeisimulia kwingine ataje jina langu kwanza, kisha aniletee kuku.