Siku Kiboko Aliponyimwa Wali

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Na sahani!

Tupu au imejaa?

Mpaka ukunjuliwe mkeka wa hadithi!

Haya, sogeeni. Aliyeshiba amkalie nyuma mwenye njaa.

Hapo kale, wanyama walikuwa na sekondari yao kule Majabalini. Mwalimu Mkuu alikuwa Tembo. Mpishi alikuwa Mama Kobe. Na Kaka Mkuu wa wanafunzi alikuwa Kiboko: shingo hana, huruma hana, ila tumbo analo.

Mwaka huo alifika njuka mmoja, yaani mwanafunzi mgeni, jina lake Pimbi. Alikuwa na masikio ya duara, manyoya ya kahawia, na urefu usiofika ukingo wa meza. Kabla hajaondoka nyumbani mama yake alimwambia, "Mwanangu, tembea kifua mbele. Sisi na akina Tembo ni ukoo mmoja."

Pimbi akayasema hayo bwenini. Wakacheka mpaka vitanda vikalia kwiu kwiu.

"Pimbi ndugu yake Tembo! Basi mimi ndugu yake mwezi!"

Pimbi akatandika kitanda chake. Kifua akakiacha pale pale mbele.

Sasa, bwaloni kulikuwa na desturi ya Kiboko. Kengele ikilia ngaa ngaa ngaa, chakula kikipakuliwa, Kiboko huzunguka meza kwa meza.

"Wewe nani?"

"Ni mimi Twiga, Kaka Mkuu."

"Twiga ni mrembo. Warembo hawali, watanenepa. Leta!"

Gubu! Ugali wa Twiga umekwenda.

"Na wewe nani?"

"Ni mimi Bundi, Kaka Mkuu."

"Bundi ni msomi. Wasomi wanashiba vitabu. Leta!"

Gubu! Ugali wa Bundi umekwenda.

"Na hicho kidude ni nani?"

"Shikamoo, Kaka Mkuu. Ni mimi Pimbi."

"Pimbi ni mfupi. Wafupi wana utumbo mfupi. Leta!"

Gubu! Na maharage yakafuata.

Tena usidhani walibisha. Twiga alianza kuamini kwamba hana njaa, akawa anajitazama kwenye kijiko. Bundi naye akawa anashika kitabu hata kikiwa juu chini, maana ndivyo wasomi walivyo. Ni Pimbi peke yake ambaye tumbo lake lilikataa kuwa fupi. Ngurr, likasema. Ngurrr.

Yakakaribia mahafali, siku ya wali wa nazi, mara moja tu kwa mwaka. Pimbi akajiapia: wali huu nitaula.

Akaenda jikoni. "Shikamoo, Mama Kobe. Nikusaidie kukuna nazi?"

"Marahaba, mjukuu. Kalia mbuzi hapo."

Pimbi akakalia mbuzi, kile kigoda chenye meno cha kukunia nazi. Kwaru, kwaru, kwaru. Mara akaacha.

"Mama Kobe, huyu mbuzi amekula leo?"

"We mtoto! Mbuzi anayekula ni yule wa kidato cha pili. Huyu unayemkalia ni wa nazi, alikula lini?"

"Lakini wote wanaitwa mbuzi."

"Wanaitwa, ndiyo."

Pimbi akachungulia bwaloni kupitia dirisha, kwenye ukuta wa mlangoni. Pale msumarini ilikuwa imetundikwa kamba fupi ya ngozi yenye mpini, ya kufukuzia nzi. Akaitazama. Akacheka kihihi, meno yake mawili ya mbele yakachomoza.

"Mama Kobe," akasema, "nikunong'oneze jambo."

Jioni ile akamwendea Kiboko.

"Kaka Mkuu, unajichosha. Meza kwa meza, mtu mzito kama wewe! Siku ya wali, iwe sheria: Mama Kobe apakue kwa jina. Mtu ataje jina, bila maelezo. Jina likiwa la asiyekula, sahani yake iwekwe kando, na za kando ziwe zako."

Kiboko akapiga miayo kwa furaha. "Kumbe ufupi umeishia miguuni! Akili unayo."

Kesho yake akasimama mbele ya Mwalimu Mkuu na shule nzima, akaitangaza sheria hiyo.

Tembo akapepea masikio. "Jina tu, kijana? Bila maelezo?"

"Jina tu, Mwalimu! Atakayebisha alale njaa!"

"Haya."

Siku ikafika. Harufu ya nazi ikajaa bwalo tele. Foleni ikapangwa, Mama Kobe akashika mwiko, Kiboko akakaa mwisho ili akusanye vizuri.

"Jina?" "Twiga." "Mrembo. Hali. Kando!"

"Jina?" "Bundi." "Msomi. Hali. Kando!"

"Jina?" "Pimbi." "Mfupi. Hali. Kando!"

Sahani zikapangana, moshi juu, fuu, fuu. Kiboko mate yanamtoka. Akajitokeza.

"Jina?"

"Hunijui? Kiboko!"

Mama Kobe akaweka mwiko chini. Polepole akageukia ukuta. "Wanangu, kile pale msumarini kinaitwaje?"

"Kiboko!"

"Mmewahi kukiona kikila?"

"Hatujakiona!"

"Kiboko hakili. Hutundikwa. Kando!"

Bwalo likatazama ukutani, likamtazama Kiboko. Kisha likapasuka kwa kicheko.

"Mimi si kile!" Kiboko akanguruma. "Mimi nina mdomo! Nina tumbo!"

"Bila maelezo, Kaka Mkuu," akasema Pimbi kwa upole.

"Mwalimu!"

"Sheria ni yako, kijana," akasema Tembo.

Kiboko akautazama wali. Akaitazama ile kamba. Machozi yakamlenga. "Jina si kitu! Nitazameni mimi mwenyewe! Nina njaa!"

"Rudia, Kaka Mkuu," akasema Pimbi. " Masikio ya Twiga yako mbali."

"JINA SI KITUUU!"

Twiga akakiacha kijiko. Bundi akakifunga kitabu.

"Tumekusikia," akasema Tembo. "Sheria imefutwa, na kuzunguka meza pia. Mama Kobe, pakua kwa njaa."

Wakala! Twiga akala mpaka shingo ikaonekana inashusha tonge kwa tonge. Bundi akaomba ukoko. Kiboko akapata sahani moja, kama wenzake.

"Pimbi weye!" akamfokea.

Pimbi akapanda juu ya benchi, akajinyoosha urefu wake wote. "Naam. Ndimi. Pimbi, mfupi, wa Majabalini. Una jingine?"

Tembo akapita, akamgusa kichwa kwa mkonga. "Umeshiba, mtoto wa ndugu yangu? Msalimie mama."

Bwalo zima vijiko vikaanguka, kwang'!

Basi, wanangu, funzo ni hili: watiini Kaka Wakuu wenu, msicheze na maneno, na msicheke mnapokuna nazi. Na wafupi wakumbuke mahali pao. Mahali pao ni mbele ya foleni.

Hadithi nimeipakua, sufuria nimeiinamisha. Ukoko gawaneni wenyewe.